Majina Aliyoyataja Bibi

Nilipokuwa na umri wa kutumwa chumvi dukani na kurudi nayo salama, ardhi ya kwetu Kagera ilitikisika mchana mmoja. Leo ni mtu mzima, naishi Dubai, na bado siwezi kulieleza tetemeko lile bila kumweleza bibi yangu, mama yake baba.

Kwetu wafu huzikwa kibanjani, katikati ya migomba, karibu na mlango. Bibi aliamini kwamba ardhi ikitikisika ni wao wanaogeuka, na wakigeuka huwashika mkono watu wa nyumba yao wasianguke. Lakini huwashika waliotajwa tu. Kwa hiyo mkubwa wa nyumba alipaswa kupiga magoti, kuweka viganja chini na kuwataja wote kwa sauti, walio karibu na walio mbali.

Mama alikuwa mbali. Alikwenda Mwanza baada ya ugomvi na baba ambao hakuna aliyenieleza, na tangu hapo Bibi hakumtaja tena, hata kwa ubaya.

Siku hiyo tulikuwa tunamenya ndizi. Kuku walinyamaza ghafla. Ukaja mngurumo, kama lori linapita chini ya nyumba, na ukuta wa jiko ukalala taratibu kama mtu aliyechoka. Tukakimbilia uani. Bibi akapiga magoti.

"Tulieni, ni sisi," aliwaambia wa chini. Akamtaja baba, baba mdogo, shangazi aliyeolewa Karagwe, mimi, hata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto. Akaanza kupangusa vumbi viganjani.

"Na mama?"

"Nimemaliza."

"Bibi, ataanguka!"

"Koku, usinipigie kelele. Wazee wanasikia."

Ardhi ikatikisika tena. Nilijitupa chini nikaweka viganja kama yeye, huku nalia, maana nilijua mtoto akitaja haisaidii. Bibi alinitazama. Kisha akainama mpaka paji lake likagusa vumbi.

"Na Mama Koku," akasema.

Baadaye jirani yetu, mzee mwenye utani, alilitazama jiko. "Mama, umetaja watu wote ukasahau jiko?"

"Jiko nitajenga jingine," Bibi akamjibu.

Nyumba yake mzee huyo nayo ilikuwa imepasuka kutoka paa hadi msingi. Wiki zile tulilala nje chini ya maturubai, na shuleni tulisomea uwanjani kwa sababu hakuna mwalimu aliyeziamini kuta. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumwambia mtu: mama alikuwa ametajwa.

Juzi tetemeko la ng'ambo ya Ghuba liliyumbisha maghorofa yetu hapa Al Nahda. Tulishuka ngazi mbio, na Wanjiru, Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja, akanitazama midomo.

"Wewe, unaomba ama unaita rejista?"

Jioni nilimpigia mama, ambaye hakurudi Kagera hata Bibi alipozikwa kwenye kibanja kile. Nikamsimulia kwa mara ya kwanza.

"Aliniita nani?"

"Mama Koku."

"Si jina la kwa baba yangu?"

"Hapana."

"Mbele ya watu?"

"Mtoto wa jirani alikuwepo. Alisikia."

Kwetu mwanamke aliyeachika hurudishiwa jina la kwao, na Bibi alilijua vizuri. Hakumwita arudi, na sidhani kama alimaliza hasira yake. Lakini alipohofia watu wake, alimtaja mama kama mtu wa nyumba ile. Sijui kama wafu hushika mkono wa mtu. Najua namna ninavyoitamani sauti ile uani, mimi niliye mbali kuliko mama alivyowahi kuwa.

"Hebu liseme tena," mama aliniomba, "polepole, kama alivyolisema yeye."

Nikalisema.