Nilichora Ng'ombe Kila Mahali, Ticha Akafutwa Kazi

Makosa ni yangu, sitafuti mtu wa kumbebesha. Nisikizeni tu, mnicheke, halafu mnisamehe kama mtaweza.

Mimi ni kijana wa kupeleka maziwa kwa pikipiki hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret. Shule niliachia darasa la nane, lakini ndoto hazikuachia hapo. Nilijiambia siku moja kuta zote za mji huu zitakuwa na michoro yangu. Woi!

Kwa ploti yetu ya kupanga aliishi Ticha Akinyi, mwalimu wa gredi ya kwanza kwa shule ndogo hapo karibu. Alikuwa bado anajaribiwa kazini. Mkuu wa shule alimwambia kwamba afisa wa elimu akija, akute watoto wanasoma vizuri, basi kazi ni yake. Kwa hivyo Ticha alitaka chati. Mnazijua, yale magunia ya sukari yaliyopasuliwa, unachora picha, chini yake unaandika neno, unaning'iniza darasani.

"Si wewe hujua kuchora?" akaniuliza asubuhi moja nikimpimia maziwa.

"Mimi? Ticha, hiyo ni kazi ndogo sana!"

Uongo mtupu! Mimi nimelelewa kijijini Sugoi nikichunga, na mkono wangu unajua kitu kimoja: ng'ombe. Ng'ombe wa upande, miguu minne, mkia kulia. Basi.

Neno la kwanza lilikuwa "ng'ombe". Akatoka safi, hata ungemkamua. Nikaja kwa "simba". Nikavuta mstari, nikaona ng'ombe anakuja. Nikamrundikia manywele shingoni. "Samaki" akawa ng'ombe bila miguu, ndani ya maji. "Baba", ng'ombe na kofia. "Mama", ng'ombe na kitambaa. "Mwalimu", ng'ombe ameshika chaki, na hapo jamani nilijipongeza, kwa sababu ile chaki ilikubali kabisa!

Ticha alisimama mbele ya magunia akageuza kichwa huku na huku.

"Huyu ni... simba?"

"Ni stailo, Ticha. Watoto wa siku hizi wanapenda hivyo."

Akaniamini. Mtu mzuri anaamini haraka, hiyo ndiyo shida yake.

Na watoto wakashika! Kila nikipeleka maziwa ya uji pale shuleni nasikia darasa zima: "Sa-ma-ki! Mwa-li-mu!" Nikawa natembea kama mtu amejenga shule.

Halafu afisa akaja, mzee mmoja wa suti, na mkuu wa shule nyuma yake. Mimi nilikuwa mlangoni na mtungi wangu. Watoto wakasoma maneno yote bila kukosa. Ticha akaanza kutabasamu.

Afisa akafunika neno moja na mkono. "Sasa, hii ni picha ya nini?"

"Ng'ombe!"

Akafunika lingine. "Na hii?"

"Ng'ombe!"

"Na huyu mwenye kofia?"

"Ng'ombe!"

"Kwa hivyo baba ni ng'ombe?"

"Ndiooo!"

Mzee akajipangusa uso. Nje ya dirisha ng'ombe wa jirani alikuwa anakula majani ya ua. Akamwonyeshea msichana wa mbele. "Na yule pale ni nani?"

Mtoto akasimama, mikono nyuma, akaangalia sana. "Yule sijui, mwalimu. Hajaandikwa chini."

Woi, woi, woi!

"Nani alichora hizi vitu?" afisa akauliza. Ticha akaniangalia. Mzee akafuata macho yake. "Ni wewe?"

Na mdomo huu wangu ukasema, "Mimi ni wa maziwa tu."

"Ni mimi, mzee," Ticha akasema. "Nilichora mimi."

Ijumaa hiyo akaambiwa asirudi.

Sikulala vizuri hadi Jumatatu, nikaenda kwa mkuu wa shule nikasema yote. Alicheka akashika meza. Akapangusa machozi, akaniambia, "Kijana, ungesema siku ile tungecheka sote, yaishe. Sasa nafasi nimeshapea mtu."

Nilimkuta Ticha anafunga godoro arudi kwa mamake Kisumu. Nikaanza kuomba msamaha kwa ajili ya michoro. Akanikatiza.

"Wacha ng'ombe zako. Ng'ombe zilinifurahisha. Mimi niliumia pale nilikuangalia, nikangoja."

Nikamshikia kamba akafunga.

Wenzangu, kama hujui kazi, sema hujui, hakuna mtu amekufa kwa kusema hivyo. Na kama umeshaharibu, inua mkono wakati swali bado liko hewani. Mimi niliinua wangu Jumatatu, na darasa lilikuwa limeshapata ticha mwingine.