Vigae Vilivyorudi Vyote

"Mama, unatoa vigae viwili vyenye picha moja, lakini vile tu vyenye upande moja iko wazi. Njo vile tu, basi."

Hivyo ndivyo Papa, mzee mwenye kibanda cha kuchaji simu, pale Nyabiondo nilikokimbilia, alivyonifundisha mchezo wa kompyuta yake nikingoja simu yangu ijae.

Mchezo ule niliujua hata kabla ya kompyuta. Siku risasi zilipofika kijijini kwetu, mimi na mume wangu tuligawana watoto wanne kama kwetu tulivyozoea vitani: wawili na baba, wawili na mama, kila mmoja njia yake, ili tusiishe wote pamoja. Sikuchagua. Nilishika waliokuwa karibu na mlango. Wawili wengine walikimbia na baba yao kuelekea Walikale, na tangu hapo namba yake haipatikani.

Kila siku nilichaji simu, nikacheza kwa hasira. Kila siku nilikwama, maana niliharakia vigae vya karibu.

"Usilie, Mama. Bonyeza hapa, unaanza upya."

Nilibonyeza. Vilirudi vyote, hakikukosekana hata kimoja. Niliisukuma kompyuta yake, nikamwambia asinionyeshe tena kitufe kile.