Kafi la Bibi Jikoni kwa Jirani

Mwaka huu nilirudi Msimbati harusini, na uani kwa jirani nikalikuta kafi la bibi yangu limezama kwenye sufuria ya pilau. Jirani, sasa bibi kizee, alikuwa akigeuzia wali. Nilicheka hadi nikasahau kumwamkia.

Ngoja nikueleze. Zamani bibi na jirani walilima mpunga ng'ambo ya mkono wa bahari, upande wa Ruvuma, na huko kulifikika kwa mtumbwi tu. Kila mwanamke alikuwa na kafi lake, limechongwa kwa kimo chake, wala haliazimwi. La bibi lilikuwa jepesi, mpini unang'aa kwa kushikwa. Aliniahidi kwamba nikifikia urefu wake litakuwa langu. Basi kila jioni nililisimamisha ubavuni nikajipima, na Ijumaa nikalipaka mafuta ya nazi.

Hata maneno ya nyumbani yalitoka majini. Nikisinzia mbele ya madaftari, bibi alipaza sauti: "Piga kafi, ng'ambo bado!" Nikibakiza mihogo sahanini, ilikuwa hivyo hivyo.

Wakati wa mavuno wanawake walirudi wakishindana, na wa mwisho kufika aliwatwangia wenzake. Siku moja jirani akamchokoza bibi kwamba mikono yake imezeeka. Bibi, asiyemeza maneno kama hayo, akaliweka kafi lake dau mbele ya wote. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya mpunga, roho ikanipaa.

"Bibi, si langu hilo?"

"Nyamaza, tunashinda."

Na kweli tulikuwa tunashinda. Tulishaanza kusikia harufu ya samaki wa kukaanga pale ufukweni. Ndipo bibi akalilaza kafi magotini, akatia kiganja mdomoni na kupiga vigelegele. Maji yalikuwa yanakupwa. Mkondo ukatugeuza, tukawa tunatazama tulikotoka, na bibi bado anapiga! Jirani akatupita taratibu, akitusalimia kwa adabu zote.

Nililia mpaka nikapitiwa na usingizi. Bibi alikabidhi kafi, akatwanga, na kwa kucheka hakuna aliyemshinda. Alisema atalirudisha msimu ujao, lakini misimu ikampita na yeye akatutoka. Leo ng'ambo wanakwenda kwa boti za injini, na mtumbwi wa bibi sijui uliozea wapi. Nimeyakumbuka mno makafi yale yakigonga ubavu wa mtumbwi alfajiri.

Baada ya shikamoo, nikaliomba.

"Haliombwi hilo, mwanangu. Linashindaniwa," alisema jirani. Akanitazama kidogo, kisha akanikabidhi mpini. "Haya, geuza. Pilau likiungua, kafi hulipati."

Nikageuza. Moshi machoni, jasho mgongoni. Mara moja nikalisimamisha kafi ubavuni kama zamani; mpini ukanifika utosini barabara. Mara bwana harusi akaingia, vigelegele vikapaa nyumba nzima, na kiganja changu kikaenda mdomoni chenyewe. Jirani akanidaka mkono.

"Piga kafi, ng'ambo bado!"

Maneno hayo sikuwa nimeyasikia tangu bibi afariki. Nikageuza huku machozi yananitoka, nikisingizia moshi, hadi sufuria ikaepuliwa. Jirani akaonja, akatafuna polepole kwa makusudi, akalisukuma kafi kifuani kwangu.

"Sasa piga."

Nikapiga vyangu, nikamalizia na vya bibi.