Kutu Aliyoikata Rahabu

Rahabu alikuja kwenye chumba cha nyaraka cha maktaba yetu akiwa mwaka wa pili chuoni, na siku ya kwanza nilimwona mzigo. Mimi ndiye msimamizi wa chumba hicho. Nilikuwa nimeomba mwanafunzi mwenye nguvu za kunyanyua masanduku, nikaletewa binti mwembamba wa Misigiri, mwenye sauti ya chini, anayesema "shikamoo, madam" kila apitapo mlangoni hata kama ameshanisalimia mara tatu. Nilimuuliza kwa nini anataka kazi ya kuvuta vumbi wakati wenzake wanagombea kukaa mapokezi. Akasema bibi yake hajui kusoma lakini hajawahi kutupa karatasi. Kadi za kliniki za watoto wote, hata waliokufa, ziko kwenye kopo chini ya kitanda. Jibu hilo lilinipendeza, ingawa sikumwonyesha.

Kazi aliishika upesi. Baada ya mwezi alijua kabati lipi lina nini kuliko mimi niliyekaa mle miaka kumi na miwili, jambo lililoniudhi kidogo. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na karatasi kwa Kinyiramba anapodhani yuko peke yake. Mchana tulikula pamoja, yeye na ugali wake wa mtama na mlenda, mimi na chapati za kantini, na mara nyingi tulibadilishana.

Ndipo tukaletewa sanduku la makaratasi kutoka ofisi moja ya zamani upande wa Ihanja. Ndani yake mlikuwa na makubaliano kumi na moja ya mashamba, ya miaka ile watu walipohamishiwa vijijini na wengine wakaazimwa pa kulima na wenyeji. Kila makubaliano yalikuwa na karatasi mbili: ya kwanza maelezo, ya pili kipande kidogo chenye alama za dole gumba za wahusika na mashahidi. Karani wa enzi hizo, Mungu amrehemu, alikuwa mvivu. Kwenye vile vipande hakuandika jina hata moja. Alivibana kwa pini, akaona inatosha.

Pini zilikuwa zimeshika kutu. Kutoa pini za namna hiyo ni kazi yetu ya kila siku, kwa sababu kutu hula karatasi. Rahabu alizitoa zote asubuhi moja, akaweka maelezo upande huu na vipande vya dole gumba upande ule ili avifute vumbi kwa pamoja. Hata hapo mambo yalikuwa hayajaharibika. Kutu ilikuwa imeacha doa na matundu kwenye pembe ya kila karatasi, na doa la karatasi moja lingelingana na la mwenzake. Mtu angekaa nazo siku moja akazipatanisha zote. Lakini Rahabu alizikata pembe hizo kwa mkasi, moja baada ya nyingine. Wiki ile tulipata wageni, nikawaonyesha mafaili yale kwa majivuno, nikawaambia hivi ndivyo nyaraka zinavyotakiwa kuwa. Vipande vya kutu vilikwisha kuchomwa na takataka nyuma ya kantini.

Wiki tatu baadaye akaja Mzee Mughwai wa Ihanja. Alivaa koti zito na jua lote lile, na mkononi alikuwa na bahasha mpya, tupu, ya kutilia nakala. Baba yake aliwaazima majirani shamba la mbugani. Sasa wajukuu wa jirani wanasema walipewa moja kwa moja. Shamba hilo ndilo pekee lililobaki la kuwagawia wanawe. Baraza la ardhi lilimtaka alete makubaliano pamoja na alama za dole gumba za mashahidi, Alhamisi. Aliposikia Rahabu anatokea Misigiri alimtania kwamba tangu lini Mnyiramba akamtafutia Mnyaturu shamba, wakacheka wote wawili. Rahabu akaenda kabatini. Karatasi ya maelezo aliipata mara moja. Kisha akavitoa vile vipande kumi na moja, akavipanga mezani, nikamwona anavigeuza kimoja kimoja; hakuna kilichoonyesha ni cha makubaliano yapi.

Tulimwambia mzee arudi kesho yake. Alipotoka, Rahabu alikaa sakafuni akalia. Mimi niligomba, na nusu ya hasira yangu ilikuwa hofu. Tulijaribu kioo cha kukuzia, tukajaribu kulinganisha wino. Wote ni ule ule wa zambarau. Mwishowe nilifunga mlango nikamwambia achukue kipande chochote, tutie muhuri. Waliobonyeza dole gumba wote wamekufa, nani atajua?

"Madam," akasema, "nikichukua kimoja nitakuwa nimempa mashahidi wa shamba la mtu mwingine. Na huyo mwingine akija?"

Nilimwambia hiyo ni shida ya siku nyingine. Akakataa. Mzee aliporudi, alimweleza yote, mpaka pembe zilizokatwa. Mzee akamwambia twende ukawaeleze baraza wenyewe.

Alhamisi niliongozana nao, kwa kuwa muhuri uko chini yangu. Mwenyekiti wa baraza alimsikiliza Rahabu, kisha akamuuliza kama kukata pembe ni maelekezo ya ofisi au ni uzembe wake mwenyewe. Alisema kama ni maelekezo ya ofisi, atasogeza shauri mbele, amwite mkuu wetu na vile vipande vyote vikaguliwe. Kama ni uzembe wa mwanafunzi, baraza litaiacha karatasi hiyo na kuendelea.

Rahabu alinitazama.

Niseme sasa nisichokisema siku ile. Mkasi ulikuwa wangu. Asubuhi ile nilipita mezani kwake, nikaona zile pembe chafu, nikakumbuka wageni wanakuja. Nikautoa mkasi kwenye droo yangu nikamwekea mbele yake. Aliniuliza kama doa lina maana yoyote. Nikamwambia akate, uchafu hauna maana. Yote hayo niliyakumbuka pale kwenye benchi, nikainama nikaangalia viatu vyangu. Niliogopa kupoteza kazi, sina sababu nyingine ya kutoa.

"Ni uzembe wangu," Rahabu akasema.

Kabla ya saa sita baraza lilikuwa limeamua. Wajukuu wa jirani walibaki na shamba. Tulipotoka nje, Mzee Mughwai alikuwa anaikunja bahasha yake, bado tupu. Rahabu alimwendea, akainama, akasema, "Shikamoo, babu. Nisamehe." Mzee aliitikia marahaba. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu usimfukuze," akasema. "Amekuja kujishtaki bila kuitwa."

Nikamjibu ndiyo, mzee. Barua ya kumwondoa Rahabu kazini ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mkuu wetu alikuwa amesikia akataka jina la mkosaji, nami nilikuwa nimeiandika tangu Jumatano na kuitia sahihi.

Jumatatu nilimkabidhi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote mpaka chini kwenye jina langu. "Asante, madam," akasema. Akaikunja taratibu, akaniambia ataipeleka Misigiri, kwenye kopo la bibi.