Mwavuli Juu ya Jeneza la Nekesa

"Mtoto huyu alilaaniwa, ndiyo maana jua lilimkataa."

Mzee wa kanisa alisema hivyo leo, hapa mtaani Jericho, kwenye mazishi ya Nekesa, binti wa jirani yangu.

Uongo!

Daktari alishaeleza. Jeni yake moja, kipande cha urithi mwilini, ilikuwa na kasoro. Protini inayotokana na jeni hiyo husaidia jeni nyingine kuanza kusomwa na seli, tena hurekebisha vinasaba vya ngozi vilivyoumizwa na jua. Bila hiyo, jua lilimjaza madoa, kisha saratani.

Ninyi wazee mkamwombea uwanjani, juani, saa sita mchana, kila Jumapili.

Leo jeneza lilipotolewa nje watu wamuage, mama yake alikimbia kulifunika kwa mwavuli.

"Mama Nekesa, wacha sasa," shangazi akamsihi. "Ameshapumzika."

Hakuufunga.

Wazee wa kanisa, mdogo wake Nekesa ameanza kutoka madoa yale yale. Jumapili mwombeeni ndani ya nyumba.