Vitenge Kumi na Viwili

Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe. Miaka ile ya vita barabarani watu walikuwa wanaviziwa, kwa hiyo sisi wauza vitenge wa mtaa wa Asiatique tulirudi kutoka Goma kwa kindege kidogo cha injini moja. Mizani pale uwanjani ilipima mizigo tu, mtu hakupimwa. Basi mali tuliivaa chini ya gauni. Wenzangu walijifunga vitenge vinne, vitano. Mi, tamaa mbele, nikajifunga kumi na viwili.

Nilipandishwa ngazi kwa kusukumwa, natoka jasho kama mfuniko wa sufuria. Mama mmoja mzee alilitazama tumbo langu, akanipisha kwenye kiti chake.

"Miezi ngapi, mwanangu?"

"Saba," nikajibu. Haya, ningesema nini?

Tulikuwa tumeshauona mji wetu injini ilipokohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Rubani akapiga kelele tutupe mizigo yote. Yule mama akaanza na mfuko wake, wenye nguo za marehemu mwanawe. Ndizo alizokuwa amezifuata Goma.

"Tupeni! Huyu iko na mimba!"

Nami nikalikumbatia tumbo langu la pamba. Yesu wangu! Tunakufa, na mimi naionea uchungu mali.

Tuliangukia mashamba ya mpunga ya Buterere, nje kidogo ya mji. Wakulima walikuja mbio ndani ya tope. Rubani alikuwa amebanwa mguu, damu inamtoka, lakini mama akawaita kwangu: "Mwenye mimba kwanza!" Wanaume wanne wakanibeba mimi, mzima kabisa, wakanilaza kwenye tuta, huku rubani analia mule ndani. Mmoja akaniuliza kama uchungu umeanza.

Hapo nikashindwa. "Apana! Mi siko na mimba! Rudini kwa rubani!"

Nikapandisha gauni mbele ya kijiji kizima, nikavivua kimoja kimoja na kuwarushia wamfunge mguu. Vitatu vilitosha kuizuia damu, na mguu wake baadaye ulipona. Vilivyobaki vilikaa pale kwenye tuta, rundo zima, na mimi pembeni nimekonda ghafla, nimelowa, natetemeka.

Mama alilitazama lile rundo. Nilingoja anitukane. Kweli, nilitamani anitukane. Akainama, akachukua kitenge kimoja, akanifunika mabegani.

"Jifunike, mwanangu," akasema. "Utashikwa na baridi."