Mvumo wa Mzee Sudi

Mie ni fundi redio hapa Manzese, na juzi nilijiaibisha. Jirani yangu, Mzee Sudi, aliingia dukani na CD mkononi, uso umejaa furaha. Zamani alirekodi albamu peke yake, na sasa imetolewa upya.

"Hebu niwekee niisikie," akasema.

Nikaiweka. Spika zikatoa mvumo mzito, mmmmm, usioisha. Nikaona haya: fundi mzima, redio yangu mbovu! Nikaizima upesi, nikasafisha lenzi ya kusomea CD, nikabadilisha nyaya. Mvumo uko palepale. Mwishowe nikaondoa besi yote, zile sauti nzito, ukapotea, likabaki gitaa tu.

"Mzee, nimeukomesha!" nikatamba.

Mzee Sudi akacheka hadi machozi yakamtoka. "Mwanangu, huo mvumo ulioukomesha ndiyo sauti yangu, nilikuwa naimba."